Mafunzo ya siku mbili ya morfini, tramadoli na wenzake hapa Moshi: yanalipa, ila kuna mambo warekebishe

Wapendwa wa vyuo vya afya, hasa mlioko Moshi na Arusha, mmenisumbua sana kuuliza yale mafunzo ya dawa za maumivu yakoje, yale ya kuchanganya kada zote, kama elfu 30 inalipa au ni kukaa kwenye kiti upewe cheti. Nimeona niandike mara moja kila mtu asome. Yanalipa. Nendeni. Ila kuna vitu havijakaa sawa na nitavisema pia maana waandaaji wenyewe walituomba tuseme.

Mi niko mwaka wa 3 uuguzi. Nilienda kwa sababu moja tu ambayo wenzangu wengi hawaijui, mama yangu mkubwa alifariki kwa saratani ya koo la chakula, na nyie watu wa Kilimanjaro mnajua huo ugonjwa huku kwetu unavyotembea. Alilazwa sehemu ambayo sitaitaja. Wiki ya mwisho alikuwa anang'ata kona ya mto ili asipige kelele wodini, na dada yangu akienda kuomba dawa anaambiwa subiri daktari, daktari akija anasema nimeshaandika, ukirudi kwa nesi anasema hiyo dawa ni kali mama atazoea, ukienda famasi wanasema karatasi haijajazwa vizuri. Siku tatu hivo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu mbaya, nilikuwepo, niliwaona, walikuwa wamechoka na wana huruma kabisa. Ila kila mtu alikuwa ameshika kipande chake na hakuna aliyeongea na mwenzake, na mama mkubwa ndo akabaki katikati. Kwa hiyo nilivyosikia kuna mafunzo yanayowakalisha meza moja wanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia, utabibu, fiziotherapia na ustawi wa jamii kujifunza kuhusu dawa hizihizi nikasema hapa naenda hata kwa kukopa.

Ukumbi uko Shanty Town, pametulia, ukishuka kwenye hiace za hospitali ya KCMC unatembea kidogo tu. Tulikuwa kama 40. Walitupanga meza za watu 6 na walihakikisha hakuna meza yenye kada moja, hata wale mliokuja na rafiki yako mnatenganishwa mlangoni. Mwanzo watu walinuna, kiukweli hata mimi, maana unajikuta umekaa na mwanafunzi wa udaktari mwaka wa 5 anaongea vitu vikubwa na wewe unajibana. Mpaka saa 4 asubuhi kununa kwishney, kila mtu anaongea.

Asubuhi ya kwanza mwalimu alianza na maneno kidogo tu, nikashukuru. Alisema Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 lilitoa mwongozo kuhusu kada mbalimbali kusoma pamoja, kwamba ni pale wanafunzi wa taaluma mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao. Akasema shikeni hilo la "kutoka kwa wenzao" maana vyuoni mnakalishwa darasa moja la anatomia mkiwa 200 mkidhani ndo kusoma pamoja. Halafu akaweka namba moja ambayo ilinyamazisha ukumbi. Ripoti ya tume ya jarida la tiba la Lancet ya 2017 ilihesabu dawa jamii ya afyuni, yaani morfini na ndugu zake, zilizosambazwa duniani kwa mwaka ikapata tani 298.5 ukizipima kwa kipimo cha morfini. Nchi maskini kabisa zote kwa pamoja zikapata tani 0.1. Yaani sifuri nukta moja! Nilimfikiria mama mkubwa na ule mto.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwangu ndo kilibeba mafunzo yote, zoezi la chupa.

Kila meza ilipewa chupa ya kahawia yenye maji ya rangi, imebandikwa lebo ya morfini ya kunywa, miligramu 10 kwa kila mililita 1. Mgonjwa ni bibi wa Kibosho, saratani, maumivu 9 kwa 10, anarudi nyumbani. Kila mtu afanye kazi ya kada yake. Mwenzetu wa udaktari akaandika haraka "morfini 5 kila baada ya saa 4". Nikapokea mimi kama nesi, nikachukua bomba la sindano nikavuta mililita 5, nikawa naelekea kwa "bibi". Mwenzetu wa famasia, dada mmoja mpole ambaye toka asubuhi alikuwa hajaongea kitu, akanishika mkono. Akaigeuza ile chupa lebo itutazame, akauliza taratibu, tano ya nini?

Daktari wetu alimaanisha miligramu 5. Hakuandika. Mimi nilivuta mililita 5, ambazo kwenye ile chupa ni miligramu 50. Mara kumi! Kilichotakiwa ni nusu mililita, kitone kidogo tu chini ya bomba, na bibi wa watu hajawahi kunywa morfini maishani mwake. Hakuna aliyecheka. Yule kaka wa udaktari alichukua kalamu akaongeza "mg" kwa herufi kubwa halafu akakaa kimya muda mrefu.

Na haikuishia hapo. Mwezeshaji, sista mmoja mtu mzima aliyefanya kazi wodini miaka mingi, akaja anaigiza mkwe wa bibi, kajifunga khanga, akauliza "sasa mwanangu nampimia na kijiko kipi, kile cha chai au kile cha mboga?" Tukatazamana. Kijiko cha chai ni karibu mililita 5, kwa hiyo kosa lilelile tulilookoa mezani lingeenda kutokea jikoni Kibosho, usiku, kwa taa ya simu. Aliyetutoa ni mwenzetu wa ustawi wa jamii, akauliza nyumbani kuna nani anayeona vizuri, nani analala karibu na bibi, anajua kusoma, halafu famasia akachukua bomba lisilo na sindano akafunga plasta nyekundu kwenye mstari wa nusu mililita, akampa mkwe avute maji mbele yetu mara tatu mpaka apatie. Hapo ndo nilielewa maana ya timu. Nimesoma dozi za morfini darasani, nimefanya na mtihani nikafaulu, lakini sijawahi kufikiria kijiko.

Kesi ikaendelea, siku ya 3 bibi anakataa dawa. Meza nyingi zikasema ameshazoea, dozi ipande. Sista akasema muulizeni choo. Kumbe hajaenda tangu aanze dawa. Morfini inafunga choo, na hili mwili hauzoei kama unavyozoea kichefuchefu au usingizi wa siku za mwanzo, kwa hiyo dawa ya kulainisha inaandikwa siku ileile unayoandika morfini, usisubiri. Kwenye meza yetu hakuna kada iliyoona hiyo ni kazi yake. Daktari alijua nesi atasema, mi nilijua famasia ataweka, famasia anasubiri cheti cha daktari. Umeona? Ni kilekile kilichompata mama mkubwa.

Pia walifafanua vizuri sana hili la kuzoea maana ndo linatutia hofu wote. Mwili kuzoea dawa, kwamba ukiikatisha ghafla mgonjwa anatetemeka na kutoka jasho, hilo linaweza kumpata yeyote anayetumia kwa muda na dawa yake ni kupunguza kidogokidogo. Uraibu ni kitu kingine, mtu anaitafuta dawa hata inapomharibia maisha na anashindwa kujizuia. Wodini tunaviita vyote "atazoea" halafu mtu mwenye saratani analia hadi asubuhi.

Mchana ndo zoezi la pumzi. Kijana mmoja wa famasia alilala kitandani akiigiza mgonjwa katoka tieta, kafanyiwa upasuaji wa mguu, kapewa morfini kule, karatasi ya kukabidhiana haikuandikwa hivo huku wodini kapigwa pethidini, dawa nyingine ya jamii hiyohiyo, juu yake. Alifundishwa apumue polepole sana. Kazi yangu kuchukua vipimo. Nikahesabu sekunde 15 nikazidisha kwa 4... hapana, niseme ukweli wote, nilihesabu kama sekunde 10 nikaandika 18 kwa sababu kila faili wodini ina 18 au 20. Mwenzetu wa fiziotherapia alikuwa kaja kumfanyisha mazoezi ya kifua, akaweka kiganja juu ya mbavu akatulia. Akatulia dakika nzima. Akasema huyu anapumua mara 7.

Saba. Na mimi nimeandika 18 na nimesaini.

Nimelifikiria hilo jambo kila siku tangu nirudi. Yule wa fizio hakuwa amesoma dawa hata robo ya nilizosoma mimi, ila kazi yake ni kifua na mkono wake unakijua. Akafuata wa utabibu akafungua macho, mboni ndogo kama ncha ya pini. Mboni ndogo, pumzi chache, haamki vizuri, hizo tatu zikikaa pamoja kitu cha kwanza kufikiria ni sumu ya dawa za jamii hii. Na usingizi huwa unatangulia kabla pumzi haijashuka, kwa hiyo mgonjwa anayekoroma asubuhi baada ya morfini usifurahi kwamba amepata kupumzika, mwamshe kwanza.

Baada ya hapo naloksoni, dawa inayozima nguvu ya morfini na ndugu zake. Walisisitiza vitu ambavyo kwenye noti zangu vilikuwa mstari mmoja tu. Kwanza pumzi, yaani ambu begi, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa, ndo inaokoa huku mwenzako anavunja ampuli, kile kichupa cha dawa ya sindano. Pili kwa mgonjwa wa maumivu unatoa kidogokidogo mpaka apumue vizuri, usimmwagie yote ukamrudishia maumivu ya upasuaji kwa mkupuo. Tatu, na hapa ndo wengi wanakosea, naloksoni inafanya kazi kama dakika 30 hadi 90 tu, wakati dawa iliyomlaza inaweza kukaa mwilini zaidi, hivo mtu anaamka, anaongea, mnapongezana mnaondoka, halafu anazama tena. Nani anabaki? Walituacha tubishane dakika 10 nzima nani anabaki, na mwisho tukaandika majina kwa zamu. Hiyo ilikuwa nzuri kuliko slaidi zote.

Siku ya pili ilianza na tramadoli, na hapa nyie wa Arusha mnajua. Kesi ilikuwa ya dereva wa bodaboda anayezimeza ili asisikie mgongo na aendeshe usiku, anazipata bila cheti cha daktari, anashushia na kinywaji cha kuongeza nguvu, analetwa kadondoka kwa degedege. Wengi tulidhani ni kifafa. Kumbe tramadoli yenyewe inaweza kuleta degedege, hasa dozi ikipanda, na hatari inaongezeka akiwa anatumia na dawa za sonona kama amitriptilini. Mwenzetu wa famasia aliifungua hiyo vizuri sana, kwamba tramadoli ina tabia mbili, upande mmoja ni ndugu wa morfini na upande mwingine inachezea kemikali za ubongo kama dawa za sonona, ndo maana naloksoni haiwezi kuimaliza yote. Wengi wetu tunaiona kama dawa nyepesi tu ya kumpa mtu akatulie, tunaogopa morfini inayoandikwa kwenye rejista na kufungiwa kwenye kabati la DDA, lile la dawa za hatari, halafu tramadoli tunaigawa kama peremende. Hilo lilinigusa.

Kesi ya mwisho ni teja. Waliita hivohivo mwanzoni makusudi halafu wakatuuliza nani kati yenu ameshika faili akaandika "teja" badala ya jina. Mikono ilipanda. Mama mwenye umri wa miaka 28, yuko kwenye methadoni, dawa ya kunywa kila siku ya kumtoa mtu kwenye heroini, kaja na uchungu wa kujifungua na ana hofu ya arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, kuliko hata ya uchungu wenyewe. Meza nzima ilitaka kumkatia methadoni "asichanganye". Ni kosa. Methadoni yake inaendelea kila siku kama kawaida, na maumivu yanatibiwa juu yake, maana ile dozi ya kila siku imemzuia arosto tu, haimtulizi uchungu. Walitukumbusha kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilianza 2011, yaani hii tiba ina zaidi ya miaka 10 nchini kwetu na bado kuna mwanafunzi anamaliza chuo hajui ifanywe nini wodini. Dada wa ustawi wa jamii ndo aliongoza kesi hii yote, na ilikuwa mara ya kwanza kuona daktari mtarajiwa anaandika noti akimsikiliza mtu wa ustawi. Ila walimpa dakika 25! Kesi ya chupa masaa mawili, ya huyu mama dakika 25, na ndo kesi tunayoijua kidogo kuliko zote. Waandaaji kama mnasoma hapa, rekebisheni hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Malalamiko mengine. Sehemu ya vifaa vyao vimetoka Marekani na havijarekebishwa viendane na huku kwetu. Nusu ya asubuhi ya pili tulikaa na kesi ya dereva wa lori wa Ohio, bima, oksikodoni na fentanili ya mtaani, zote ndugu wa morfini. Naelewa kwa nini, wenzetu janga limewapiga vibaya, OxyContin, jina la biashara la oksikodoni, iliingia sokoni 1996 ikitangazwa kama haina uraibu mkubwa, leo wanapoteza watu wengi mno kwa ovadozi, 2022 walizidi laki moja kwa mwaka mmoja kwa dawa za aina zote, wengi wao za jamii hii. Na tangu 2023 daktari wa kule hapati kibali cha kuandika dawa hizi bila kuonyesha masaa 8 ya mafunzo ya uraibu. Ni vizuri kujua, tusije kurudia makosa yao. Lakini shida yao ilianza na dawa kumwagwa, yetu ni chupa kutofika kitandani, na tramadoli kupita dirishani. Mwanafunzi akitoka pale na hofu ya Ohio kichwani atamnyima bibi wa Kibosho. Kuna mwenzetu mmoja alisema kabisa "bora tusiwe nazo" na mwezeshaji alichelewa kumjibu, hiyo ilinikera.

Halafu walituonyesha naloksoni ya kupuliza puani kwa muda mrefu wakati wodi niliyofanyia mafunzo kwa vitendo nimekutana na ampuli tu. Muda ule tungejifunza kuvunja ampuli na kupima kwa haraka mkono ukitetemeka. Slaidi zote Kiingereza, ila maongezi yakawa Kiswahili na hapo ndo watu waliamka, kwa hiyo wafanye yote Kiswahili tu, maana huyo mkwe wa bibi hatamuelekeza mtu kwa Kiingereza.

Mengine madogo. Chakula safi, siku ya kwanza mtori na chapati, ya pili ndizi nyama, chai ipo muda wote. Vyoo safi. Spika zinakwaruza, kaa mbele. Cheti wamesema kinakuja kwa imeili, mimi wiki ya tatu sijakiona na sijajibiwa. Mnaotoka Arusha pandeni koasta ya alfajiri kabisa maana wanaanza saa 2 kamili na ukichelewa meza yako inakosa kada nzima, jamaa mmoja wa famasia alifika saa 4 na meza yake ilimuua bibi kwenye zoezi la chupa, kweli walimuua, walimpa mililita 5.

Kwa nyota nawapa 4 kati ya 5. Nyota moja naishika kwa ajili ya yule mama wa methadoni na dakika zake 25.

Kuna mtu ameniuliza kama ni bora wakaenda wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mi naona subiri uwe umeshaingia wodini angalau kidogo, la sivyo hutakuwa na kitu cha kumwambia mwenzako wa kada nyingine. Ila msingoje mpaka intanshipu, tabia zinakuwa zimeshakauka. Mimi yangu ya kuandika 18 ilikuwa na miaka miwili tu na bado naitoa kwa shida, jana tu nimesimama kwa mgonjwa na saa mkononi nikajikuta nataka kuondoka kwenye sekunde ya 20.

Awamu nyingine wamesema watatangaza vyuoni. Walituuliza nani anataka kurudi kusaidia, nikaandika jina, nimeomba meza ya chupa. Nitakuja na kijiko cha chai na cha mboga kutoka nyumbani.